"Unamng'ang'ania Nini?" Historia ya Anayejibu Madai ya Talaka

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Mama mdogo alinipeleka na yeye kwenye baraza la usuluhishi la kata ili nimshikie mtoto. Nikakaa nje kwenye benchi, dirisha liko wazi, nikasikia yote. Mume wake alikuwa amepeleka malalamiko, anataka talaka. Wazee wakamgeukia mama mdogo: na wewe unasemaje? Akajibu maneno mawili tu: "Sitaki talaka."

Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akamuuliza: "Sasa mwanangu, mtu hakutaki. Unamng'ang'ania nini?"

Sikumsikia akijibu. Kwa miaka mingi niliamini hakuwa na jibu. Nilipoanza uandishi wa habari na kuzunguka kwenye korido za mahakama, nikaliona swali lile lile likiulizwa tena na tena, mara nyingi kwa mwanamke, na karibu kila mara na mtu ambaye haitaji kusikia jibu. Anayeomba talaka tunamwelewa haraka: amechoka, anataka kuondoka. Anayeipinga tunamwona king'ang'anizi, au anayefuata mali, au asiyejipenda.

Jibu nilikuja kulikuta mbali sana na kata yetu. Nilikuwa nasoma historia ya sheria ya ndoa ya Wahindu kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. (Nasema Wahindu, wafuasi wa dini ya Kihindu, si Wahindi wote. Kwa Kiswahili herufi moja hututosha kuchanganya mambo.) Nikagundua kwamba historia ile inaweza kusomwa kwa pande mbili. Upande unaosimuliwa sana ni wa haki ya kuondoka: ilikosekana, ikapiganiwa, ikapatikana. Upande wa pili ni wa yule anayeletewa karatasi za mahakama nyumbani na kutakiwa ajibu. Huo ndio ninaotaka tuusome leo.

Tuanzie Bombay, mwaka 1884. Rukhmabai alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Aliozeshwa akiwa na miaka kumi na moja kwa kijana aitwaye Dadaji Bhikaji, lakini aliendelea kuishi kwa mama yake na baba yake wa kambo, Dk. Sakharam Arjun, akijisomea vitabu nyumbani. Mwaka ule mume akaenda Mahakama Kuu kudai mke wake aje aishi naye. Hayakuwa madai ya talaka, maana kwa Wahindu wa tabaka za juu wakati ule talaka haikuwepo. Ndoa ilikuwa sakramenti, fundo la moto mtakatifu, na mwanamke halifungui. Kwa hiyo mahakama ya Waingereza ilikuwa na chombo kimoja tu cha kushughulikia ndoa iliyoharibika: amri ya kurudishwa kwa mwenzi. Chombo chenyewe kilitoka kwenye mahakama za kanisa za Uingereza, hakikutoka kwenye vitabu vya Wahindu.

Rukhmabai akajibu madai. Utetezi wake ukitazamwa kwa macho ya wakili ulikuwa wa kawaida: mume hana uwezo wa kunitunza, afya yake ni mbaya, hatujawahi kuishi pamoja. Lakini chini ya hoja hizo kulikuwa na nyingine ambayo sheria haikuwa na mahali pa kuiweka: nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Hoja hiyo akaipeleka kwingine. Mwaka 1885 gazeti la Times of India lilichapa barua kuhusu ndoa za utotoni na maisha ya wanawake, zikiwa na saini ya "mwanamke wa Kihindu". Mwandishi alikuwa yeye. Naona kama alikuwa na majibu mawili kwa kesi moja: moja kwa jaji, jingine kwa wasomaji wa gazeti.

Septemba 1885 Jaji Robert Pinhey akamkubalia. Alisema ungekuwa unyama kumlazimisha binti aliyekua aende kwa mtu aliyeozeshwa naye utotoni bila ridhaa, na kwamba sheria ya Kihindu yenyewe haikuwa na dawa hiyo ya kumburuta mke kwa amri ya mahakama. Hukumu ikawasha moto. Watu waliokuwa wakipinga ukoloni, Bal Gangadhar Tilak akiwa mmoja wao, wakaiona kama mkono wa mgeni ndani ya nyumba yao. Rufaa ikakatwa, kesi ikarudishwa, na Machi 1887 Jaji Farran akaamuru: nenda kwa mumeo, au uende jela miezi sita.

Rukhmabai alisema ataenda jela.

Hakwenda. Mwaka 1888 pande mbili zilipatana: mume akapokea rupia 2,000 na akaachana na madai. Rukhmabai akaenda London kusoma udaktari katika chuo cha wanawake, akarudi India akiwa daktari, akafanya kazi Surat na baadaye Rajkot kwa miongo kadhaa. Mwaka 1891, kesi yake ikiwa bado midomoni mwa watu, umri wa chini wa ridhaa ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 12. Ni mdogo mno kwa macho yetu, lakini wakati ule ulipigiwa kelele kama vile mbingu inaanguka.

Tukiishia hapo tutadhani somo ni jepesi: mwanamke alitaka kutoka, sheria ikamzuia. Hebu tuendelee mbele kidogo.

Baada ya uhuru, B. R. Ambedkar, waziri wa sheria, alipeleka bungeni muswada mkubwa wa kukusanya sheria za Wahindu mahali pamoja: ndoa, talaka, urithi. Ulipigwa vita hadi akajiuzulu mwaka 1951. Nehru akaupitisha vipande vipande. Kipande cha kwanza, Sheria ya Ndoa ya Wahindu, kilianza kutumika tarehe 18 Mei 1955, kikiwahusu pia Mabudha, Wajaini na Masingasinga. Kwa mara ya kwanza kwa India nzima, ndoa ya Kihindu ingeweza kuvunjwa na mahakama. Rukhmabai aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki Septemba mwaka huo huo, akiwa na miaka tisini.

Sasa ukiisoma sheria ile kwa makini, utaona waliyoiandika hawakumwamini sana mtu anayeomba talaka. Walitaja sababu moja moja: uzinzi, kubadili dini, ugonjwa wa akili, ukoma (huu uliondolewa mwaka 2019 tu), kutoweka miaka saba bila habari. Ukatili haukuwa sababu ya talaka. Ulikupa kutengana kwa amri ya mahakama, basi. Ndipo mwaka 1976 ukapandishwa kuwa sababu ya talaka, na mwaka huo huo ikaongezwa talaka ya makubaliano ya wote wawili.

Halafu kuna kifungu cha 23. Wanafunzi wa fasihi tungekiita kifungu cha msomaji mwenye mashaka. Kinamwambia jaji: hata kama mlalamikiwa hakufika, hata kama hakujibu neno, wewe mwenyewe jiulize kabla hujatoa amri. Je, huyu anayelalamika hanufaiki na kosa lake mwenyewe? Kama analalamikia ukatili, hakuusamehe? Hawakupanga jambo hili pamoja kuihadaa mahakama? Hakuchelewa bila sababu? Na kabla ya yote, umejaribu kuwapatanisha? Yaani sheria ilimwekea anayejibu mlinzi ndani ya kichwa cha jaji. Kifungu cha 24 kikaongeza kitu cha mkononi: mwenzi asiye na kipato anaweza kuomba matunzo ya muda na gharama za kesi wakati shauri linaendelea. Maana ni nani atakayejibu vizuri, nauli ya kwenda mahakamani hana?

Kesi iliyofanya kifungu hicho kikumbukwe ni Dastane dhidi ya Dastane. Mume alikuwa mtaalamu wa kilimo mwenye shahada ya uzamivu, mke msomi pia, kutoka familia ya mtumishi wa serikali. Walioana mwaka 1956. Februari 1962 mume akafungua shauri Poona akiomba mambo matatu, moja lisipofaa lishikwe jingine: ndoa ibatilishwe kwa sababu alidanganywa kuhusu afya ya akili ya mke kabla ya harusi, au apewe talaka kwa sababu mke hana akili timamu, au basi watenganishwe kwa sababu ya ukatili.

Tafakari kidogo kuhusu kuletewa karatasi kama hizo. Una watoto wa kike watatu, wa mwisho hajatimiza mwaka. Unaambiwa ujibu kwamba wewe si kichaa. Kila ukikasirika kizimbani, kasira yako ni ushahidi. Kila barua uliyowahi kuandika usiku ukiwa na uchungu inasomwa na watu waliovaa majoho. Historia yako ya hospitali, iliyokuwa siri ya wazazi wako na mchumba, sasa ni aya ya kwanza ya madai.

Mahakama ya kwanza ilitupa hoja ya udanganyifu na ya wazimu, ikakubali ukatili. Mahakama ya wilaya ikaitupa hata hiyo. Mahakama Kuu ikakubaliana na ya wilaya. Mume hakuchoka, akafika Mahakama ya Juu, na tarehe 19 Machi 1975, miaka kumi na tatu tangu kufungua shauri, Jaji Y. V. Chandrachud akasoma hukumu.

Ni hukumu ya ajabu kuisoma, na naomba nisimpambe mke. Mahakama iliona kwamba ukatili ulikuwepo. Vitisho vya kujiua na kuichoma nyumba, matusi kwa mume na wazazi wake, kuikata mangalsutra, ule mkufu wa ndoa, kumfungia mume nje, kumpaka mtoto pilipili ulimini. Jaji alikataa pia kipimo cha zamani cha kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote, kana kwamba kesi ya ndoa ni kesi ya jinai. Alisema mizani ya uwezekano inatosha. Alisema tena jambo ambalo mwandishi yeyote wa riwaya angelikubali: mahakama haishughuliki na mume bora na mke bora wa kufikirika, inashughulika na mwanamume huyu na mwanamke huyu.

Mpaka hapo mume ameshinda. Halafu hukumu inageuka. Chandrachud anakumbuka kifungu cha 23, ingawa upande wa mke haukuwa umelijengea hoja hilo la msamaha. Anauliza: mambo haya yote yakitendeka, mliishi vipi? Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu. Waliishi kama mume na mke, chumba kimoja, na mtoto wa tatu alitungwa katika siku zile zile za ugomvi. Basi umesamehe, mahakama ikasema. Msamaha huo una sharti, kosa likirudi na yale ya zamani yanafufuka. Lakini yaliyotokea baada ya kutengana, ikiwemo barua ya malalamiko ambayo mke aliiandikia serikali, mwajiri wa mume, hayakuwa mazito kiasi cha kuyafufua. Rufaa ikatupwa.

Mke alishinda. Alibaki mke.

Nimeisoma hukumu hii mara kadhaa, na kila mara nabaki na maswali kuhusu msamaha wa aina hii. Mahakama inapochukua kitanda kuwa ushahidi wa msamaha, inaingia mahali ambapo watu wenyewe hawajui vizuri wanafanya nini. Watu hulala pamoja kwa mazoea, kwa hofu, kwa matumaini, kwa sababu kuna kitanda kimoja. Hapa kanuni hiyo ilimlinda mwanamke. Lakini geuza kesi: mke anayepigwa, anayebeba mimba katikati ya vipigo, naye ndiye anayeomba kuondoka. Kanuni ile ile ingemwambia umeshasamehe. Ngao ya mmoja ni kufuli la mwingine, na chuma ni kile kile.

Na hili ndilo linalowaunganisha wanawake hawa wawili ambao juu juu wanapingana. Mmoja alijibu madai ili asiwe mke, mwingine alijibu ili abaki mke. Lakini wote walikataa kitu kimoja: kwamba mwanamume aende mahakamani, aeleze wao ni nani, na maelezo yake yapite bila kupingwa. Rukhmabai alikataa kuelezwa kama mali iliyochelewa kufikishwa. Mke wa Poona alikataa kuelezwa kama mwendawazimu. Kabla ya kuwa suala la kubaki au kuondoka, kujibu ni kusema: hadithi hiyo haijakamilika, na mimi ninayo sehemu yangu.

Tena kuna mambo ya tumbo. Kwenye jamii ambako mwanamke aliyeachika harudi kwao akiwa mgeni bali mzigo, ambako nyumba iko kwa jina la mume au la baba mkwe, neno "mke" ndiyo hati yake ya makazi. Kupinga talaka ni njia ya kujadiliana bei ya kutoka, kwa kuwa sheria haikumpa njia nyingine. Wabunge wa India walilijua hilo. Mwaka 2010 serikali ilileta muswada wa kuongeza sababu mpya ya talaka, ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika, na ndani yake ikawekwa kinga: mke angeweza kupinga kwa kuonyesha kwamba talaka itamtupa kwenye shida kubwa ya kifedha. Baraza la juu likaupitisha mwaka 2013, lakini bunge likamaliza muda wake na muswada ukafa.

Mahakama ya Juu haikusubiri. Tarehe 1 Mei 2023 majaji watano walisema kwamba mahakama hiyo, na hiyo peke yake, inaweza kutumia ibara ya 142 ya katiba kuvunja ndoa iliyokufa hata kama mmoja hataki. Walisema si haki ya mtu kudai, ni busara ya mahakama, na itazame wameishi mbali muda gani, kuna watoto, nani anamtegemea nani, upatanisho ulijaribiwa vipi. Hata hivyo mlango umefunguka, na "sitaki" ya anayejibu haina tena uzito iliyokuwa nao mwaka 1975.

Sisi huku mlango huo tulishaufungua zamani. Kenya na Uganda ziliwahi kuwa na sheria maalumu za ndoa na talaka za Wahindu. Ya Kenya ilifutwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Tanzania iliziweka ndoa zote chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Mhindu, Mkristo, Mwislamu na wa kimila, na ikasema swali ni moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Na kabla ya mahakama, baraza la usuluhishi. Tuliwatangulia wenzetu kwa zaidi ya nusu karne. Tunastahili kujisifu kidogo.

Kidogo tu, maana mimi nilikaa nje ya baraza hilo. Kwenye karatasi, baraza lipo kusuluhisha. Siku ile lilikuwepo ili kumchosha mwanamke mmoja hadi aseme sawa. Sheria iliuliza kama ndoa imevunjika. Hakuna aliyeuliza nani kaivunja, kwa muda gani, na watoto watalala wapi. Sheria za zamani zenye makosa na lawama zilikuwa chafu, zilipekua mashuka ya watu. Lakini angalau zilimpa anayejibu nafasi ya kusikilizwa. Sheria za kisasa zisizouliza kosa ni safi zaidi, na usafi huo unaweza kumfuta mtu.

Sisemi turudi nyuma. Kumfunga mtu kwenye ndoa iliyokufa ili tu mwenzake apate chakula ni kuwapa watu wawili adhabu moja. Chakula kipatikane kwa njia nyingine: mgawanyo wa mali uliochumwa kwa jasho la wote, matunzo yanayolipwa kweli. Ninachosema ni kwamba kabla hatujamcheka anayepinga talaka, tusome majibu yake. Mara nyingi yana mambo ambayo hati ya madai imeyaruka.

Mwaka juzi nilimuuliza mama mdogo. Ana wajukuu sasa, ana genge lake, na yule mume alishaoa na kuachwa. Nikamwambia, siku ile kwenye baraza mzee alikuuliza unamng'ang'ania nini, ulimjibu nini?

Akacheka. Akasema, "Nilimjibu, ila kwa sauti ndogo. Nilimwambia simng'ang'anii yeye. Ile nyumba matofali nilifyatua mimi."

Katibu wa baraza, anasema, hakuliandika.